Aliliona Bango, Akawasha Mashine

Nilimkuta mwanamume aliyemuua mume wangu amepiga magoti makaburini, anang'oa majani huku analia kwa kwikwi.

Angekuwa analilia kaburi la mume wangu, ningeokota jiwe nikamrushia, na hadithi ingeishia hapo.

Lakini kaburi lile halikuwa la mume wangu.

Lilikuwa la mama wa watu. Mimi simjui. Na yeye hamjui.

Wengi mnanifuata hapa kwa ajili ya mitindo ya magauni. Leo hakuna gauni. Leo nina jambo limenikaa kifuani muda mrefu, na nimeamua kulitua. Kaeni vizuri.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kibarazani kwangu. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo. Vile viwanda vinavyosaga mahindi, vinachanganya na pumba na mashudu, vinapakia kwenye magunia. Ukikaribia pale unapiga chafya kabla hujaliona geti.

Kazini walimwita Redio.

Kisa cha jina hilo kilikuwa ubao wa matangazo. Kila asubuhi, kabla kazi haijaanza, alisimama mbele ya ubao ule na kusoma kila kilichobandikwa, kwa sauti ya mtangazaji kabisa.

"Habari za asubuhi wasikilizaji wetu! Leo ghala la nyuma halipitiki, sakafu imemwagikiwa mafuta. Anayetaka kuvunjika kiuno aende, milango iko wazi!"

Watu hoi kwa kicheko.

Mimi mwenyewe nilimwambia, "Baba watoto, wewe unapenda sana kujionyesha."

Akacheka. "Niache bwana. Sauti nimepewa bure, niitumie."

Alikuwa na rafiki yake mmoja, wakiitana Pacha. Ukiwaona ungesema wanatania. Mume wangu mfupi, kitambi kinaanza kubisha hodi. Mwenzake mrefu kama nguzo ya umeme, mkimya, anayeongea kama vile maneno yanamuuma meno. Waliingia kiwandani siku moja, wakajifunza kazi pamoja, wakawa kitu kimoja.

Mimi nilimwita shemeji. Wanangu walimwita baba mdogo. Alikuwa akija kwangu haulizi sufuria ziko wapi, anajipakulia mwenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye hapendi mtu aguse vyombo vyake, kwa Pacha alinyamaza. "Huyu naye ni wa kwangu," alikuwa akisema. "Nilimzaa usingizini."

Hapo ndipo mjue kidonda chetu kilikuwa kirefu kiasi gani.

Sasa, kiwandani kulikuwa na mashine kubwa ya kuchanganya. Wafanyakazi waliibatiza Mama Mkubwa, kwa sababu inakula kila unachoiletea na haishibi. Ni sanduku refu la chuma, na ndani yake kuna mapanga yanayozunguka. Pumba zikigandia kwenye mapanga, lazima mtu aingie kwa mlango wa juu, akwangue kwa mkono.

Mwenye kazi ya kuingia alikuwa mume wangu.

Mwenye kazi ya kuwasha na kuzima alikuwa Pacha.

Na swichi iko upande wa pili wa ukuta. Anayewasha hamuoni aliye ndani. Aliye ndani hamuoni anayewasha. Kelele za mashine nyingine ni hizo hizo, hata ukiita hausikiki.

Mtu akiingia ndani, ulinzi wake ulikuwa bango. Kipande cha ubao mweupe kilichoandikwa kwa herufi nyeusi: MASHINE INATENGENEZWA. USIWASHE. Unalitundika kwenye swichi, unaingia. Ukitoka, unalitoa.

Basi. Hakuna kufuli, hakuna mtu wa kusimama mlangoni.

Halafu ukuta wenyewe ule! Nilikuja kuuona baadaye kwa macho yangu. Ulijaa mabango kama kibanda cha kampeni. Usivute sigara. Funga mlango. Vaa kofia. Usafi ni wajibu wako. Kulikuwa na tangazo la kikao ambacho waliohudhuria wengine wameshastaafu. Na yote ni meupe, herufi nyeusi, ukubwa mmoja. Hata mimi niliyesoma, macho yaliyapita kama yanapita ukuta mtupu.

Siku yenyewe, umeme ulikatika asubuhi. Mama Mkubwa akasimama, tumbo tupu. Mume wangu akaona hiyo ndiyo nafasi, aingie akwangue mapanga kabla umeme haujarudi. Pacha hakuwepo. Msimamizi alikuwa amemtuma geti la nyuma akasaidie kushusha lori la mahindi, kazi ambayo kwa kawaida inakula asubuhi nzima.

Mume wangu akatundika bango kwenye swichi. Akaingia.

Umeme ukarudi.

Msimamizi ana oda imechelewa, jasho linamtoka. Akakimbilia geti la nyuma. "Wewe! Achana na magunia, njoo uwashe! Tumechelewa!"

Pacha akaja mbio.

Kilichofuata alikiona dada mmoja anayeshona midomo ya magunia, kiti chake kiko karibu na swichi. Aliwaeleza polisi, akanieleza na mimi, na kila mara alieleza vilevile.

Pacha alilishika bango. Akalitazama. Akageuka kushoto, akageuka kulia, kama mtu anayemtafuta mwenzake. Msimamizi akapiga kelele tena. Pacha akalitoa bango, akalitundika kwenye msumari wa pembeni.

Akawasha.

Ndani ya mashine sitawapeleka. Watu wazima mmeelewa.

Mimi nilikuwa nampima mteja kiuno, futi mkononi. Nikamuona yule dada wa magunia anaingia uani kwangu, nywele nyeupe kwa vumbi la pumba, viatu jozi tofauti miguuni.

"Mama, kaa chini kwanza."

Sikukaa. Mpaka leo sijui kwa nini niligoma. Nadhani nilijiambia nisipokaa, hataniambia.

Akaniambia.

Mazishi niliyapita kama mtu mwenye homa. Ninachokumbuka ni kwamba nilimtafuta Pacha kwa macho kwenye ule umati. Nilitaka aje abebe jeneza. Nikaambiwa yuko ndani, polisi wamemchukua palepale kiwandani.

Na hapo ndipo maneno yakaanza kufika.

Kwamba polisi walimhoji uwanjani, mbele ya wafanyakazi wote.

"Uliliona bango?"

"Nililiona."

"Ulilisoma?"

Akawatazama wenzake waliomzunguka. Wakamuuliza tena.

"Nililisoma," akasema.

Aisee.

Alisoma! Alisoma kwamba mtu yumo, na akawasha!

Mtaani hapakukalika. Kumbe msimamizi alikuwa karibu kustaafu. Kumbe nafasi yake walitajwa wawili, mume wangu na Pacha. Watu wakaunganisha. Wakasema wivu. Wakasema ule ukimya wake haukuwa wa bure. Yule mteja wangu wa futi, ambaye hata kiwanda hajui kiko wapi, naye akawa na la kusema.

Mama mkwe akatoa kikombe alichokuwa akinywea Pacha, akakivunjia uani. Akafagia vigae mwenyewe, akaingia ndani.

Mimi nilimchukia. Sitawadanganya. Nilimchukia hadi nikawa nasahau kumlilia mume wangu. Usiku nikifumba macho namuona yeye, simuoni mume wangu. Hiyo nayo nikamhesabia, kwamba kaniibia hata ndoto.

Kesi ilifunguliwa, kusababisha kifo kwa uzembe. Aliposomewa shtaka, hakimu akamuuliza, ni kweli au si kweli?

"Ni kweli."

Hakubisha. Hakuomba wakili. Akapewa dhamana, kaka yake akamdhamini, ikapangwa siku ya kuja kusikia adhabu.

Majuma yakapita. Siku moja mchana nikabeba jembe dogo, nikaenda makaburini kupalilia. Mvua zilikuwa zimenyesha, majani yamepanda.

Na ndipo nilipomkuta.

Alikuwa mstari wa mbele ya ule wa mume wangu. Kaburi limefagiwa likang'aa. Udongo umelainishwa kwa viganja. Hapo palionyesha kabisa kwamba hii si mara yake ya kwanza. Anang'oa jani moja moja na kusema, "Pacha wangu. Pacha wangu, nisamehe."

Nyuma yake, hatua chache tu, kaburi la mume wangu limefunikwa na majani.

Damu ikanipanda kichwani. Nikadhani ni maigizo. Nikadhani ameniona nikija.

"Unamfanyia nani sinema hapa?"

Akashtuka, akaanguka kitako. "Shemeji."

"Usiniite shemeji!"

"Shemeji, hata hapa unanifukuza? Nilikuwa mahabusu mlipomzika. Sikumwaga hata konzi moja ya udongo. Niache nimpalilie."

"Umpalilie nani? Soma kibao!"

Kibao kilikuwa mbele yake. Kimepakwa rangi vizuri, herufi kubwa: MAMA YETU MPENDWA.

Akakitazama. Akanitazama mimi. Akatazama chini.

"Soma! Kimeandikwa nini?"

"Kimeandikwa..." Akalamba midomo. "Kimeandikwa jina lake."

Ndugu zangu, jembe likaniponyoka.

Yule hakuwa mtu anayeigiza. Uso ule niliwahi kuuona, kwa mwanangu mdogo, siku ya kwanza mwalimu alipompa kitabu asome mbele yangu.

"Shemeji," nikasema, na jina lile likanitoka lenyewe. "Wewe hujui kusoma."

"Usiseme kwa sauti."

Tulikuwa wawili tu pale. Mimi, yeye na marehemu. Lakini aligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu amesikia.

Nilikaa chini. Siku ile nilikaa.

Akaniambia yote, taratibu, macho kwenye udongo. Kwamba shule hakuwahi kuikanyaga. Kwamba alipoingia kiwandani alidanganya, na kila mwaka uongo ule ukawa mgumu zaidi kuutoa. Mke wake hajui. Watoto wake wanamuona na gazeti kila Jumamosi. Kiwandani hakuna aliyejua.

"Isipokuwa mmoja," akasema.

Sikuhitaji kuuliza nani.

"Alinigundua siku za mwanzo kabisa. Hakunicheka, shemeji. Hakuniambia chochote. Kesho yake tu akaanza kusoma ubao wa matangazo kwa sauti. Watu wakadhani anachekesha. Alikuwa ananisomea mimi."

Mungu wangu.

Miaka yote ile! Ile sauti ya mtangazaji. Yale majigambo niliyomsema. Mume wangu alikubali kuitwa Redio, akakubali kuonekana mpenda sifa, ili rafiki yake asomewe bila mtu kujua kwamba hajui kusoma. Na mimi mkewe, niliyelala naye kitanda kimoja, hakuniambia. Siri haikuwa yake.

"Na siku ile?" nikauliza.

"Siku zote akiingia kwenye mashine ananifuata, ananishika bega, ananiambia naingia. Akitoka ananishika bega, ananiambia nimetoka. Sikuwahi kulitegemea bango. Siku ile niko kwenye lori. Narudi, nakuta kibao kwenye swichi. Vibao pale ni vingi, vinahamishwa hamishwa, watu wanatundika popote. Nikamtafuta kwa macho anisomee. Simuoni. Msimamizi ananipigia kelele, watu wote wananitazama. Nikasema labda ni kile cha usafi..."

Akajifunika uso kwa mikono ile ya udongo.

"Nilimtafuta anisomee, shemeji. Kumbe ndiye aliyekuwa ndani."

Tulilia wote wawili. Tulilia juu ya kaburi la mama wa watu, Mungu amrehemu, nadhani hakutukasirikia.

Baadaye nikamuuliza, "Kwa nini uliwaambia polisi ulisoma?"

"Waliniuliza mbele ya watu wote."

"Lakini wanakuita muuaji!"

"Muuaji wananiita leo. Mjinga wangeniita mpaka nife."

"Siku ya adhabu utasema ukweli?"

Akatikisa kichwa. "Heri nifungwe. Na wewe niapie, shemeji. Usiseme."

Sikuapa. Nilimshika mkono nikamvusha mstari mmoja, nikamuonyesha kaburi lenyewe. Akasimama pale mrefu vile, amejikunja kama ndoano, asijue aanzie wapi. Nikampa jembe.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe. Nilimweleza nusu tu, kwamba kuna jambo, kwamba siku ya hukumu nataka kusimama upande wa Pacha.

Alikuwa anachambua mboga. Akaziweka chini.

"Unataka kumtetea aliyekufanya mjane?"

"Mama, hukumsikia."

"Mimi nilisikia udongo ukimdondokea mwanangu. Sina kingine cha kusikia." Akanyanyuka. "Ukisimama upande wake, usirudi kusimama kwenye mlango wangu."

Siku ya mahakama nilikwenda nikiwa sijui nitafanya nini. Nikisema, ninamvua nguo mtu mzima mbele ya mke na watoto. Nisiposema, anafungwa kwa kosa ambalo silo. Mama mkwe alikaa benchi la mbele, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakunitazama.

Hakimu, mwanamama mwenye miwani, akasema mjane azungumze kabla ya adhabu.

Nikasimama. Nikamtazama Pacha kizimbani. Akanitikisia kichwa kidogo sana. Usiseme.

"Mheshimiwa," nikasema, "mume wangu alimpenda huyu mtu kuliko tulivyojua. Kuna kitu alimfanyia kila asubuhi, na hakutaka apongezwe. Mimi siwezi kukisema, kwa sababu mume wangu alikufa bila kukisema. Lakini namuomba mshtakiwa. Shemeji, wewe ndiye uliyebaki unajua alikuwa mtu wa namna gani. Usiache akumbukwe kama mtu aliyekuwa anatafuta sifa tu."

Nikakaa.

Pacha alishika ule ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Akamtazama mke wake. Akawatazama watoto wake. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia.

"Mheshimiwa, mimi sijui kusoma."

Akaeleza yote. Redio, ubao wa matangazo, bega. Alipofika pale kwenye "nikamtafuta anisomee," karani wa mahakama aliacha kuandika.

Mama mkwe akageuka nyuma kunitafuta. "Mwanangu alikuwa anajua?"

"Alijua, mama."

"Na hakuniambia hata mimi niliyemzaa." Akajifunika uso na mtandio, akatikisika mabega. Sikujua kama analia au anamcheka mwanawe kwa upendo. Nadhani vyote viwili. Mlango wake haukufungwa.

Hakimu akafuta kule kukiri kwa mwanzo. Akauliza swali ambalo tangu mwanzo hakuna aliyeuliza: kwa nini mashine inayoweza kuua mtu inalindwa na kibao cha maneno, bila kufuli, kwenye ukuta uliojaa vibao vingine? Akaagiza mkaguzi wa usalama kazini aende.

Mwishowe Pacha aliachiwa, na lawama zikarudi kwa kiwanda. Lakini ngojeni, kilichonimaliza kilitokea siku ile ile, pale nje.

Tumesimama kwenye veranda ya mahakama, yule dada wa magunia akanivuta pembeni.

"Mama," akanong'ona, "yale mabango na mimi nilikuwa nayaona mapambo tu."

Nikamtazama. "Wewe?"

"Bango lilikuwa mbele ya uso wangu, mama. Ningeweza kupiga kelele. Sikujua linasema nini."

Na hakuwa peke yake. Kabla ya juma lile kuisha walinijia kibarazani, mmoja baada ya mwingine, wakijifanya wameleta suruali za kupunguza. Mpakiaji. Mlinzi wa geti. Mzee mmoja wa ghala, ambaye kila mwaka alikuwa akisaini kwamba amesoma na kuelewa kanuni za usalama. Kiwanda kizima kilikuwa kinamsikiliza mume wangu kila asubuhi na kucheka, na karibu nusu yao walikuwa wanacheka huku wakisomewa.

Yeye alidhani ana msikilizaji mmoja.

Mkaguzi alipokuja, alikuja na akili. Hakuishia ofisini. Alichora mabango ya picha, akayaleta karakana, akawaomba wafanyakazi wote, bila kuuliza nani anajua kusoma, wamwambie wanaona nini. Aliniomba na mimi niwepo, na nimlete Pacha. Nilimleta kama unavyomleta mgonjwa.

Bango la kwanza lilikuwa na kiganja chekundu. Mkaguzi akauliza, "Hili linasema nini?"

Mzee wa ghala akakuna kidevu. "Linasema tusalimiane."

"Hapana, linasema tunyooshe mkono kama tunataka kwenda msalani," dada wa magunia akadakia.

Watu wakacheka. Mkaguzi naye akacheka, akalichana palepale. Likaja la fuvu la kichwa. Mlinzi akauliza kama hapo pamezikwa mtu. Likachanwa nalo. Alichora upya mpaka kila mtu akawa anasema kitu kimoja bila kufikiri.

Ukuta wa swichi ukakwanguliwa vibao vyote. Ukapakwa rangi ya njano. Swichi ikawekewa kufuli, na sheria mpya ikawa kwamba anayeingia kwenye mashine anafunga mwenyewe na ufunguo anaingia nao mfukoni. Asipotoka, hakuna kiumbe anayeweza kuwasha.

Juu ya kufuli likawekwa bango moja peke yake. Sanduku jeusi, ndani yake mtu mwekundu amechutama, na nje mkono unaofika kwenye swichi umekatwa kwa mstari mnene.

Mkaguzi akamgeukia Pacha. "Baba, na wewe tusaidie. Unaona nini?"

Pacha alisogea. Akasimama pale pale aliposimama siku ile. Akalitazama bango muda mfupi tu, si kama mtu anayetafuta msaada.

"Mtu yumo ndani," akasema.

Kisha akauangukia ukuta ule kwa kifua, rangi ikiwa bado mbichi, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamume. Wakati wanamtoa, shati lake lilikuwa limebaki na mstari wa njano kifuani. Hakurudi tena kwenye kazi ya mashine. Siku hizi yuko bustani ya mtu, anamwagilia miche. Akija kwangu hakai muda mrefu.

Sasa niwaambie na nimalize.

Kama una mahali pa kazi, hata kama mko watu wachache, usijivunie mabango. Mwite mtu yeyote, msimamishe mbele ya bango lako, na usimuulize kama amesoma. Atasema amesoma. Muulize anaona nini, halafu nyamaza umsikilize. Asipoona hatari, bango hilo halipo. Chora, paka rangi, ondoa takataka zinazolizunguka. Na palipo na roho ya mtu, weka kufuli, ufunguo akae nao aliye ndani.

Na wewe ambaye haya unasomewa na mtu sasa hivi, maana najua mpo, naomba huyo anayekusomea asome na hapa, taratibu.

Waambie kazini kwako kwamba hujui kusoma. Sema leo, anayekusomea akiwa bado hai.